DJ, funga pochi: namna ya kujua vyombo vimekutosha

Sendofu moja Tabata, miaka michache nyuma. Nina kontrola (mashine ya DJ ya kupigia na kuchanganya nyimbo) ya chaneli nne, ina wiki mbili tangu niitoe Kariakoo, hata plastiki ya kuzuia mikwaruzo sijaibandua. Nina taa nne za kuzunguka. Binti amesimama mlangoni na wapambe wake, MC anasema "DJ, tuletee," nabonyeza, upande wa kulia wa ukumbi unakaa kimya. Halafu wa kushoto nao. Halafu zote zinarudi, zinakwaruza, zinapotea tena. Tatizo lilikuwa waya. Ule wa RCA, mwekundu na mweupe, unaotoka kwenye kontrola kwenda kwenye mixa: kichwa kimoja kilikuwa kimelegea. Wa akiba sina. Nilikikandamiza kile kichwa kwa kidole gumba tangu binti anaingia mpaka anakaa kwenye kiti chake, na mkono uliobaki ndio niliopigia muziki. Chaneli nne, mkono mmoja.

Waya ule bei yake ni kama sahani ya chipsi mayai. Kontrola ilikuwa imemeza akiba yangu ya karibu mwaka mzima.

Ninayoyaandika hapa ni kwa DJ wa shughuli: harusi, sendofu, kicheni pati, ubarikio, besidei, na baa ya mtaani mara mojamoja. Sikukatazi kununua. Cha kwanza lazima ununue, huwezi kwenda ukumbini na mikono mitupu. Kazi ipo baadaye, pale vyombo vinapokuwa vimeshatosha na wewe hujajua, maana dukani hakuna atakayekwambia.

1. Toa vyote nje, vipigwe jua

Usihesabu kwa kichwa. Chagua siku ambayo huna kazi, tandika mkeka uani au sebuleni, toa kila kitu mpaka ile mifuko ya waya iliyo chini ya kitanda. Kila chombo kikishakaa mkekani jiulize kilitoka lini mara ya mwisho, kilienda shughuli gani, na kama siku hiyo kisingekuwepo, nani ukumbini angegundua. Jibu liandike kwenye karatasi. Ukilisema tu mdomoni utajidanganya, utasema "hiki natumia sana".

Mimi nilikuta hedifoni tano, tatu kati yake zinasikika sikio moja. Kontrola mbili. Mixa tatu. Mashine ya moshi iliyofanya kazi mara mbili tu, na mara ya pili ilimkohoza bibi yake bwana harusi mpaka mwenyekiti wa kamati akaja mwenyewe kuniambia niizime. Waya za akiba zinazofanya kazi: hakuna hata moja.

Chombo ambacho hakijatoka nje kwa miezi sita kitenge pembeni. Usikiuze bado, tutakirudia.

2. Daftari la aibu

Hili ndilo lililonifunga mkono kuliko ushauri wa mtu yeyote. Nunua daftari dogo la shule. Kila ukirudi kwenye shughuli, kabla hujalala, andika mistari mitatu: nini kiliharibika au kiliniaibisha, chanzo chake, na nini kiliniokoa. Kama hakuna kilichoharibika, andika hivyo hivyo kwamba hakuna. Fanya hivi kwa shughuli kumi mfululizo, na katika muda huo usinunue chombo chochote kipya, isipokuwa kuziba kilichokufa.

Kumi zangu za kwanza zilikuwa hivi. Mara tatu nilichelewa kufunga vyombo kwa sababu ya usafiri. Mara mbili umeme ulisumbua. Mara mbili maiki isiyo na waya iliishiwa betri mzee akiwa katikati ya nasaha. Mara moja waya. Mara moja baba mzazi aliomba wimbo wa Marijani Rajabu na mimi sina hata mmoja, nikabaki natabasamu. Na mara moja meza ya wazee walilalamika kwamba sauti imezidi. Imezidi, sio imepungua.

Isome tena orodha hiyo. Kontrola niliyokuwa naitamani kwa miezi mitatu, ambayo picha yake nilikuwa naiangalia kwenye simu kila usiku, isingetibu hata kosa moja kati ya yale kumi.

Daftari lako litatoka tofauti na langu. Kama katika kumi, sita zimeandikwa "ukumbi mkubwa, nyuma hawakusikia", basi una hoja. Lakini hata hiyo hoja usiipeleke dukani kabla hujapita hatua inayofuata.

3. Kabla ya kuongeza wati, hamisha spika

"Muziki hauna nguvu." Sentensi hii imeuza spika nyingi kuliko tangazo lolote, na mara nyingi anayeisema yuko sahihi kwamba kuna tatizo, ila tiba yake haiko kwenye wati.

Sauti inapimwa kwa desibeli. Ukiongeza nguvu ya amplifaya mara mbili, tuseme kutoka wati 500 hadi 1,000, umeongeza desibeli 3 tu. Masikio ya watu yatasema "kidogo imepanda". Ili msikilizaji aseme muziki umekuwa mkubwa mara mbili, unahitaji kama desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Kwa hiyo yule jamaa aliyeuza spika zake za wati 500 akachukua za 1,000 kwa hela ya mkopo, amelipia tofauti ambayo angeipata kwa kusogeza meza.

Naam, meza. Sehemu ya wazi, umbali ukizidi mara mbili sauti inashuka kama desibeli 6. Aliyesimama mita 16 kutoka kwenye spika anapata desibeli 6 pungufu ya aliyesimama mita 8. Sasa fikiria ile shughuli ya uani ambapo spika umezibana ukutani kwa sababu tundu la umeme liko pale, na wacheza wako ng'ambo ya meza za chakula. Vuta ekstensheni, zisogeze spika ziwe nusu ya umbali ule. Umepata mara mbili ya kile ambacho wati zilizoongezwa maradufu zingekupa, na hujatoa hata shilingi.

Kisha zipandishe. Sauti nyembamba, zile za twita (kile kispika kidogo cha ndani), zinazuiwa na miili ya watu. Spika ikikaa sakafuni, mstari wa mbele wa wacheza unazinyonya zote na waliokaa nyuma wanabaki na mvumo usio na maneno, ndipo wanasema "hatusikii MC anasema nini" na wewe unaongeza sauti, na mbele wanaumia masikio. Stendi ziinue twita ipite vichwa vya watu waliosimama, na uzielekeze chini kidogo kwenye meza za katikati.

Bufa, zile spika za besi, nazo zina siri yake. Wengi tunaziweka moja kulia, moja kushoto, kwa sababu picha inapendeza. Besi mbili zilizotengana hivyo kuna mahali zinajazana na kuna mahali zinauana. Mtu mmoja anatikisika, mwenzake hatua tatu pembeni hasikii kitu. Siku moja ukumbi ukiwa mtupu zibananishe bufa zote mbili, zigusane, karibu na ukuta. Piga wimbo mmoja wenye besi ya kutosha, tembea ukumbi mzima. Halafu zitenganishe, tembea tena. Ukimaliza utaelewa kwa nini nilighairi kununua bufa ya tatu.

Angalia pia taa nyekundu. Kama kontrola inawaka nyekundu, mixa inawaka nyekundu, na spika yenyewe inawaka nyekundu, huo muziki umeshapasuka kabla haujatoka. Unasikika mchafu, watu wanauita "hauna nguvu", na joto lake ndilo linalounguza koili ya twita. Shusha kwenye kontrola, shusha kwenye mixa, spika ndiyo iwe ya mwisho kupanda. Fundi wangu wa spika anasema wateja wake wengi wamemletea kazi hii hii, na yeye halalamiki.

Na mafaili. Wimbo uliotumiwa kwa WhatsApp, ukatumwa tena, ukatumwa tena, kwenye simu utakuridhisha. Kwenye spika za inchi 15 utasikika kama umefunikwa blanketi. Tafuta wimbo uleule wa MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde uliotoka kwa mwenye kazi au duka halali, upige baada ya ule wa WhatsApp bila kugusa kitufe kingine. Nimewafanyia vijana wawili jaribio hili na wote walidhani nimeongeza kitu.

Mwisho kabisa, zile wati zenyewe. Boksi likiandikwa PMPO, yaani nguvu ya kilele cha kufumba na kufumbua, namba hiyo ni mapambo. Tafuta iliyoandikwa RMS, yaani nguvu ambayo chombo kinaimudu mfululizo. Ukiikosa kabisa kwenye boksi na kwenye kitabu chake, rudisha chombo mahali pake, usibishane na muuzaji.

Umeshafanya yote haya na bado watu wa nyuma hawasikii? Haya, twende kwenye hesabu.

4. Chombo kitalipwa na shughuli ngapi?

Hapa wengi tunakosea kwa namna moja. Tunachukua bei ya chombo, tunagawanya kwa malipo ya shughuli, tunaona "ah, shughuli nane tu". Lakini yale malipo ulikuwa unayapata hata bila chombo hicho. Kinachotakiwa kukilipa ni ile nyongeza tu.

Chukua mfano wa namba rahisi. Bufa mbili kwa 2,400,000. Kwa sasa unalipwa 300,000 kwa shughuli. Ukiwa na bufa utaomba 350,000, na tuseme kamati wanakubali. Nyongeza 50,000. Ila vyombo sasa havienei kwenye bajaji, unakodi kirikuu, nauli imepanda 20,000. Imebaki 30,000. Gawanya 2,400,000 kwa 30,000: shughuli 80. Unapiga mbili kwa mwezi? Miezi 40. Na hapo hakuna koili iliyoungua, hakuna mvua iliyowakuta njiani, na Ramadhani na Kwaresima nazo hazijakupunguzia kazi.

Sasa upande wa pili. Zikodi bufa hizo hizo kwa 80,000 kila unapozihitaji kweli, na umtajie mteja bei inayoibeba hela hiyo. Daftari lako linasema ulizihitaji mara sita kwa mwaka. Ni 480,000. Miaka mitano ya kukodi ndiyo inafikia bei ya kununua, na katika miaka hiyo mitano zikiharibika ni za mwenyewe.

Badilisha namba zangu uweke zako. Kanuni ninayoitumia mimi, na si ya kitabuni, ni kwamba chombo kisichojilipa ndani ya miezi 12 kwa nyongeza peke yake nakikodi. Na nikishakikodi kile kile mpaka kodi yote ikafika nusu ya bei, naanza kutafuta cha kwangu. Hapo ushahidi upo, risiti za kukodi ninazo mkononi.

Kuna DJ wa rika langu ambaye hufanya vizuri zaidi. Hanunui mpaka mteja awe ameshalipa advansi ya kazi inayohitaji chombo hicho. Akiambiwa na kamati "tunataka taa za kisasa", anajibu "sawa, na taa ni kiasi hiki". Mara nyingi kamati inagundua kwamba haikuzitaka taa kiasi hicho.

5. Kikomo kiandikwe ukiwa umetulia

Ukumbi wa watu 150 hadi 250, ambao ndio mkate wa wengi wetu, mimi nauhudumia hivi: spika mbili za juu zenye amplifaya ndani, inchi 15, pamoja na stendi zake, bufa mbili, kontrola ya chaneli mbili, mixa ndogo, maiki mbili zisizo na waya na moja yenye waya, laptopu, hedifoni moja nzuri. Basi. Kinachozidi hapo nakikodi.

Kuna kipimo kingine nilichofundishwa na dereva, sio na DJ. Vyombo vyako viishie kwenye kirikuu kimoja, safari moja. Siku vikianza kuhitaji safari ya pili, faida ya usiku ule inabaki barabarani. Ongeza na hiki: wewe na kijana mmoja muweze kufunga kila kitu ndani ya saa moja. Mara tatu nilizochelewa kwenye daftari langu, vyombo vilikuwa vimeizidi gari moja na mikono yetu.

Andika orodha yako leo, kabla mzigo mpya haujaingia mjini, ibandike ndani ya mlango wa kabati. Siku ukitamani kitu, lazima useme kinaondoa kipi kwenye orodha.

Wanaosema "teknolojia inakwenda mbio, nitabaki nyuma" nawakumbusha habari ya mashine ya santuri ya Technics, SL-1200. Ilianza kuuzwa mwaka 1972. Toleo la MK2 likaja 1979, na umbo lile likakaa karibu lile lile mpaka uzalishaji uliposimamishwa 2010, kabla ya kurudishwa 2016. Miaka thelathini ma-DJ wa New York na London wamezeeka na mashine moja. Sasa tazama CDJ za Pioneer, mashine za kidijitali za ma-DJ: CDJ-2000 mwaka 2009, NXS2 mwaka 2016, CDJ-3000 mwaka 2020. Skrini imekua kutoka inchi 7 za NXS2 hadi inchi 9. Kwako wewe unayeibonyeza ni raha kweli, sikatai, nimewahi kuigusa. Shangazi aliyevaa sare ya kitenge na kushika leso juu hajui hata kama ina skrini.

Karibu na nyumbani pia upo mfano. Lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa kazi za Sisso Studio mwaka 2017, singeli ya Mburahati, ule muziki wa kasi wa mitaa ya Dar es Salaam, ikaanza kusikilizwa Ulaya. Ile ni studio ya uswahilini, kompyuta na programu. Wazungu hawakuuliza kontrola ni ya toleo gani.

6. Dukani na kwenye simu

Fupi tu. Kariakoo usiende na hela siku ya "kuangalia". Winga, yule dalali wa dukani, akishakushika mkono na kukwambia "kaka, hii imebaki moja", akili yako imeshatoka. Luthuli Avenue kule Nairobi ni yale yale, lafudhi tu. Nenda na orodha ya mlangoni, nenda na spika yako moja au hedifoni yako ya kujaribia, na mwache mtu nyumbani anayejua bei ya juu uliyopanga.

Kwenye simu, tatizo ni wenzetu. DJ akinunua chombo anapiga picha. Akikirudisha kwa fundi hapigi. Kwa hiyo wewe unaona ununuzi wa watu hamsini na huoni matengenezo ya hata mmoja. Mimi nilinyamazisha makundi mawili ya ma-DJ kwa mwezi mmoja, hamu ikapungua yenyewe.

Kuhusu mikopo kausha damu kwa ajili ya spika: usithubutu. Riba yake haisubiri msimu wa harusi, na nimeshaona mixa ikichukuliwa mlangoni mchana kweupe, mama mwenye nyumba akiangalia.

7. Hela iende wapi basi

Utakuwa na hela iliyokuwa iende dukani, na mkono utawasha. Ipeleke huku, na mpangilio huu una sababu.

Umeme kwanza. Ekstensheni nyembamba ndefu inashusha volteji na spika zenye amplifaya ndani zinaanza kukatakata, unadhani spika ni mbovu. Nunua waya mnene wa milimita za mraba 2.5, plagi nzuri, na stabilaiza inayobeba mzigo wako halisi. Kama ekstensheni yako ni ya kuzungushia kwenye gurudumu, ifungue yote hata kama umbali ni mita tatu. Ikibaki imeviringwa na mzigo mkubwa inapata moto. Baada ya nusu saa ya muziki pita ushike kila plagi. Ikiwa na joto la kukufanya utoe mkono, hapo ndipo shughuli yako itakapokatikia.

Waya za akiba, kila aina mbili. Betri mpya za maiki kwa kila shughuli; zile za jana wape watoto wachezee rimoti. Simu yenye saa mbili za nyimbo zilizopangwa, na waya wake wa kuingia kwenye mixa, kwa ajili ya siku laptopu itakapoganda mbele za watu. Huna haja ya kontrola ya pili kama mbadala. Simu na waya vinatosha kukuvusha dakika kumi za kuwasha upya, na hakuna mgeni atakayejua.

Huduma. Pwani hii chumvi ya hewani na vumbi vinakula vitelezeo vya mixa polepole. Fundi akifungua, akasafisha, akakaza vichwa vya waya mara mbili kwa mwaka, mixa yako ya zamani itakuwa "mpya" kwa bei ndogo sana.

Masikio yako. Wataalamu wa afya kazini Marekani wanashauri usizidishe saa nane kwenye desibeli 85, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda ule unakatwa nusu. Fuatisha hesabu: 88 ni saa nne, 91 saa mbili, 94 saa moja, 97 nusu saa, 100 robo saa. Mbele ya spika zetu usiku wa harusi 100 ni jambo la kawaida. Vizibo vya masikio vya wanamuziki ndicho chombo cha DJ ambacho sijawahi kumwona mtu akikipigia picha, na mimi nilichelewa kukinunua. Sikio la kushoto linavuma nikilala.

Halafu nyimbo. Marijani Rajabu wa yule baba alinigharimu aibu ambayo bufa isingeiziba. Nunua, panga, tengeneza folda kwa shughuli na sio kwa mwaka: kuingia kwa wazazi, chakula, keki, zawadi, wazee wacheze, vijana wacheze, kufunga. Weka saa mbili kila wiki za kufanya mazoezi na vyombo ulivyonavyo. Kuna kitu nilikigundua kwenye mazoezi hayo ambacho nilidhani kinahitaji kontrola ya ghali: kutoka amapiano kwenda singeli bila kuwaondoa watu sakafuni. Amapiano ya mapigo 112 kwa dakika, ukiihesabu maradufu ni 224, na singeli nyingi zinapita 200. Kwa hiyo unamwingiza mchezaji kwenye singeli akiwa bado anafuata pigo lake la zamani. Yeye anapiga moja, ngoma inapiga mbili. Ilinichukua wiki tatu kuipata vizuri. Chaneli mbili.

8. Rudi kwenye vile ulivyotenga pembeni

Vile vya miezi sita. Kimoja kimoja kiwashe, kijaribu kwa nusu saa nzima, andika ugonjwa wake. Kisichokuwa na ugonjwa na hakipo kwenye orodha ya mlangoni, kiuze mapema, maana kontrola inashuka bei kila toleo jipya linapoingia. Mnunuzi aje akijaribu mwenyewe, umweleze kasoro zote, umpe boksi, chaja na risiti kama ipo. Akiwa ni kijana anayeanza, mfungie pale pale mfumo mzima mmoja mbele yake, aone waya gani unaenda wapi.

Ile kontrola yangu ya chaneli nne ilinunuliwa na kijana wa Mbagala. Alipomaliza kuhesabu hela akauliza kama kuna kitu kingine anahitaji. Nilimpa waya mbili za RCA, nikamwambia moja isitoke kwenye begi.